Njia za Miguu: Tangu Kibera na Kawangware hata Milima ya Ngong

Kila siku ya kazi, kabla jua halijatokeza, watu wa Kibera na Kawangware huwa wamekwisha kushika njia. Wengine hufuata reli, wakiruka mataruma mawili mawili; wengine huteremka bondeni, wakavuka kijito juu ya ubao, wakapanda upande wa pili hata barabara kuu. Safari hizo haziitwi matembezi. Ni mwendo wa kutafuta riziki, na aendaye kwa miguu huenda hivyo kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha jioni cha watoto wake. Lakini likitajwa neno la kupanda milima na kuzuru mabonde kwa furaha, watu wale wale hudhani kuwa ni mambo ya wageni wenye viatu vya ghali, na kwamba sharti mtu asafiri mbali. Dhana hiyo si ya kweli. Ni shida kuona katika Nairobi mitaa iliyo karibu zaidi na misitu, mabonde ya mito, mahali pa ngome za kale na milima, kuliko mitaa hii miwili.

Yafaa kwanza kutazama mambo yafanywavyo kwingine. Kule Ujerumani iko njia ya miguu yenye sifa kubwa, iitwayo Rheinsteig. Ilifunguliwa mwaka 2005, nayo hufuata ukingo wa mto Rhine kwa kilometa 320 hivi, tangu Bonn hata Wiesbaden. Huko mto umejipenyeza kati ya milima, na juu ya majabali zimesimama ngome za mawe zilizojengwa na wakubwa wa zamani, ambao baadhi yao walikuwa wakiwatoza ushuru wenye mashua waliopita chini. Waliotengeneza njia hiyo hawakuchimba barabara mpya kwa safari yote. Vijia vingi vilikuwako tangu zamani, vya wakulima wa mizabibu na vya watu wa misituni. Viliunganishwa, vikatiwa alama moja, herufi R nyeupe katika rangi ya buluu, kisha vikatunzwa. Mgeni asiyejua hata neno moja la Kijerumani aweza kuzifuata alama hizo siku nyingi asipotee. Karibu na Kibera na Kawangware vijia viko vile vile, na vingine vilikanyagwa kabla mji wa Nairobi haujakuwako. Kilicho haba ni alama na utunzaji.

Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles ndio waliokaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na wajukuu wao wako hata leo. Mwaka 2017 jamaa ya Wanubi walipewa hati ya ekari 288. Msitu uliolipa jina hilo haukwisha wote. Mtu akienda upande wa magharibi wa Kibera huona miti ya Msitu wa Ngong Road imejipanga kama ukuta. Mwaka 1932, ulipotangazwa kuwa msitu wa serikali, ukubwa wake ulikuwa karibu hektari 2,900. Leo zimebaki kama 1,200. Zilizosalia zilimegwa kidogo kidogo. Nyingine zikafanywa viwanja na nyumba, nyingine zikaingia mikononi mwa watu binafsi, hasa katika miaka ya 1990, na baadaye barabara kubwa ya Southern Bypass ikaukata msitu wenyewe.

Hata hivyo, mtu aingiaye humo asubuhi, akilipa kiingilio na kufuata vijia vinavyoruhusiwa, husahau upesi kwamba yu ndani ya mji wa mamilioni ya watu. Iko mihugu mirefu ya kienyeji, ambayo wachongaji wa Ukambani waipenda sana kwa vinyago, na iko mikaratusi iliyopandwa kwa safu. Kima hurukaruka juu. Ardhi ni nyekundu na laini, na mvua ikinyesha huganda katika viatu hata mguu ukawa mzito kama wa punda mwenye mzigo. Kwa hiyo miezi ya Machi hata Mei haifai sana kwa asiyezoea. Wala si vema kuingia peke yako. Walinzi wapo, na walio wengi hutembea kwa makundi.

Katika upande huo hupita kijito cha Motoine. Asili yake ni sehemu za Dagoretti. Hushuka kupitia msituni, kikaingia Kibera, kikamimina maji yake katika Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953. Kitokapo bwawani hubadili jina, kikaitwa mto Ngong. Ni kijito kimoja chenye majina mawili, na hali yake pia ni mbili, kwa kuwa aliyekiona kule juu chini ya miti hatakitambua akikiona Silanga, kimekuwa cheusi na kimebeba mifuko ya nailoni. Bwawa lenyewe lilikuwa mahali pa kustarehe, pana watu wenye mashua za matanga. Leo magugu-maji yamelifunika, na matope yamelijaza, hata mgeni aweza kudhani kuwa ni shamba.

Asidhani mtu kwamba watu wa Kibera wamekaa tu wakitazama. Shirika moja liitwalo Kounkuey Design Initiative, ambalo lilianza mwaka 2006, limefanya kazi na wenyeji kando ya vijito hivyo. Pahali palipokuwa jaa la taka pamefanywa uwanja mdogo: kingo zimeimarishwa zisimomonyoke, pakawekwa vyoo, mahali pa kufulia, na pa watoto kuchezea. Kwa mpita njia jambo hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana katika picha. Bonde linalopitika mchana na usiku, mvua na kiangazi, humpunguzia mwanamke mwenye ndoo au mwanafunzi mwenye vitabu mzunguko mrefu.

Sasa tuseme mtembeaji ametoka Kawangware. Jina hili ni la Kikikuyu, nalo hukumbusha ngware, yaani kwale, ndege wa vichakani, walioishi hapo kabla ya mabati na ghorofa. Upande wa kaskazini wa mtaa, kati yake na Kangemi, bonde hushuka ghafula, na chini yake hupita mto Nairobi. Wengi huuona mto huu mjini tu, wakafunika pua. Lakini chemchemi zake ziko Kikuyu, katika kinamasi cha Ondiri, na mtu mwenye miguu mizuri akitoka Kawangware asubuhi aweza kufika Ondiri kabla ya chakula cha mchana. Njia hupanda taratibu, tuta baada ya bonde na bonde baada ya tuta, kwa maana ndivyo nchi ya Wakikuyu ilivyoumbwa: vijito vingi vimeichana nchi kama vidole vilivyotanuliwa, vyote vikielekea mashariki. Kandokando yako mashamba ya sukumawiki, migomba, na majani ya kulishia ng'ombe. Wamasai waliyaita maji ya huku Enkare Nairobi, maji baridi, na huko juu jina hilo halijawa uongo.

Ni mabonde haya, na chakula kilichomea ndani yake, yaliyoleta ngome.

Atajaye ngome katika Kenya hufikiri kwanza Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ngome za bara hazikuwa kama ile. Zilikuwa maboma ya haraka haraka, ya watu waliokuwa mbali na kwao na wenye hofu. Misafara iliyotoka pwani kwenda Uganda ilikuwa na shida moja kubwa kuliko simba na kuliko kiu, nayo ni kuwalisha wapagazi mamia kwa mamia. Ng'ambo ya Ukambani palikuwa na mbuga za wanyama, na mbele zaidi ni Bonde la Ufa na nchi ya Wamasai, wafugaji wasiolima. Katikati, mahali hapa pa Dagoretti na Kabete, palikuwa na watu wenye viazi vitamu, maharagwe, mtama na ndizi, na maji yasiyokauka. Mwenye kupatana na watu hawa alikuwa na njia ya Uganda mkononi mwake.

Mwaka 1890 Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa Imperial British East Africa Company, alifika Dagoretti, akajenga boma la miti, na mwezi wa Oktoba akafanya mapatano ya udugu na Waiyaki wa Hinga, mtu mkubwa katika sehemu zile. Kisha Lugard akaendelea na safari yake. Mapatano hayakudumu. Watu wa misafara walijitwalia vyakula kwa nguvu, wenyeji wakaghadhibika, na mwaka 1891 boma likaachwa, likateketezwa. Kwa hiyo aendaye leo Dagoretti asitazamie kuona kuta za mawe. Atazamie hali ya mahali, ndipo ataelewa kwa nini palichaguliwa.

Mwaka uo huo wa 1891 Kapteni Eric Smith alijenga boma jingine upande wa Kabete, likapewa jina lake, Fort Smith. Agosti 1892 Waiyaki aliingia humo, pakatokea ugomvi kati yake na mkubwa wa boma, Bwana Purkiss. Waiyaki akajeruhiwa, akafungwa, akachukuliwa kupelekwa pwani. Hakufika pwani. Alikufa Kibwezi mwaka ule ule. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, maboma ya misafara yalipoteza kazi yake, na mji ukakua mahali pengine. Jina tu ndilo lililobaki. Mahali pale huitwa Fort Smith hata sasa.

Njia ya kwenda huko kutoka Kawangware hushuka mtoni, ikapanda Kangemi, ikavuka barabara kuu, kisha ikaelekea Uthiru na chuo cha kilimo na mifugo cha Kabete, na kupita mbele. Barabara kuu hiyo inayovukwa ni Waiyaki Way. Basi mtu hawezi kulifikia boma alimofungwa Waiyaki bila kuivuka barabara yenye jina lake, na kwa mwendo wa magari ya siku hizi kuivuka kwataka subira. Lilipo daraja la waendao kwa miguu, litumike.

Apendaye kufuata njia nyingine aende magharibi, kupitia soko la Dagoretti hata Thogoto. Wamisionari wa Kiskoti waliokuwa Kibwezi walihamia pande hizi mwaka 1898, na kazi yao ikaota mizizi Thogoto na Kikuyu. Skuli ya Alliance ilifunguliwa huko mwaka 1926. Wazee wengi waliosoma hapo walikuja kwa miguu, na sanduku kichwani. Kutoka Kikuyu mtu aweza kuteremka kurudi kwa gari, kwani kwenda na kurudi kwa miguu siku moja si mchezo.

Lipo neno ambalo mtembeaji wa mabonde haya hawezi kuliepuka. Aprili na Mei 2024 mvua ilinyesha kwa nguvu isiyo ya kawaida, mito ya Nairobi ikafurika, watu wakafa, na katika Kibera, Mathare na Mukuru maelfu wakapoteza makao. Serikali ikaamuru kila mtu aliye ndani ya meta 30 za mto aondoke, na nyumba zikavunjwa. Katika Kibera jambo hili si geni: Julai 2018 nyumba na skuli zilibomolewa ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Mwaka 2025 serikali ilianzisha kazi kubwa ya kuusafisha na kuutengeneza mto Nairobi.

Swali ni hili: nafasi ile iliyoachwa wazi kando ya maji itakuwa ya nani? Ikizungushiwa ua wa mtu mmoja, mwendaji wa alfajiri atasukumwa arudi barabarani, kando ya malori. Ikiachwa hivi hivi, misimu miwili ya mvua haitapita kabla haijajaa taka na vibanda vipya vya watu wasio na pengine pa kwenda, kisha yatarudiwa yale yale, mafuriko na tingatinga. Lakini ikifanywa njia, yenye upana wa kutosha watu wawili kupishana, yenye madaraja imara na taa, itawafaa wale wale waliovunjiwa, kwa kuwa wengi wao hawakwenda mbali. Wamehamia tuta la pili, na kazini bado huenda kwa miguu.

Walioona yaliyotokea Karura watafahamu jambo jingine. Mwaka 1998 na 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigania msitu ule usigawanywe, na baadhi yao walipigwa kwa ajili hiyo. Msitu ukapona. Leo una vijia vyenye alama, na siku za Jumapili watu hujaa humo na watoto wao. Ardhi ambayo maelfu ya watu huikanyaga kila juma ina mashahidi wengi, na atakaye kuimega kipande usiku ataonekana asubuhi. Msitu wa Ngong Road ulimegwa zaidi katika miaka ambayo watu waliuogopa, wakaambiwa kwamba humo hukaa wanyang'anyi tu. Hofu ile haikuwa bure. Lakini ilimfaa mnyakuzi kuliko ilivyomfaa mwananchi.

Baada ya mabonde, milima. Milima ya Ngong huonekana toka Kibera kukiwa na anga safi, imepangana upande wa kusini-magharibi kama ngumi ya mtu aliyelala, vifundo juu. Iko hadithi kwamba jitu moja lilijikwaa katika Kilimanjaro, likaanguka, na vifundo vya mkono wake vikaacha alama hiyo. Jina lenyewe ni la Kimasai, na hufasiriwa kuwa chemchemi ya kifaru. Wataalamu wa miamba nao wana hadithi yao: milima hii ni mabaki ya volkano kubwa ya kale, ambayo upande wake wa magharibi ulikatika Bonde la Ufa lilipozama.

Mwenye kutaka kuipanda na apande gari la namba 111 katika Ngong Road. Watu wa Kibera hulipata wakitoka mtaani na kupanda barabarani, na watu wa Kawangware hulipata Dagoretti Corner. Hushuka mjini Ngong, na toka hapo kuna mwendo mfupi wa kupanda hata lango la walinzi wa misitu, ambapo hulipwa kiingilio. Karibu na lango ziko mashine ndefu za kuvuta umeme kwa upepo; za kwanza zilisimamishwa mwaka 1993. Kelele yake ni kama ya mtu apepetaye nafaka bila kuchoka. Upepo huo haupungui, basi koti lihitajika hata siku ya jua.

Njia hufuata mgongo wa milima kwenda kusini, kwa muda wa kilometa kumi hivi, ikishuka na kupanda katika kila kifundo. Hapana mahali pa kununua chakula baada ya kuliacha lango, wala maji. Achukue kila mtu chupa mbili, mkate au viazi vya kuchemsha, na viatu vilivyokwisha kuzoea miguu. Mkono wa kushoto huonekana Nairobi yote, na mwenye macho makali ataona bati za Kibera ziking'aa. Mkono wa kulia ardhi huanguka, na Bonde la Ufa hufunuka, la rangi ya kahawia, lina joto linalopanda hata usoni. Asubuhi isiyo na mawingu huonekana Mlima Kenya na Kilimanjaro pia, mmoja kila upande. Katika miteremko iko leleshwa, mti mdogo wa majani ya kijivu yenye harufu nzuri, ambao mtaa wa Kileleshwa umeitwa kwa jina lake. Ng'ombe wa Wamasai hulisha huko na wachungaji wao. Apitaye na awasalimie, na mbwa asiwatupie mawe.

Kilele kirefu kuliko vyote ni Lamwia, chenye meta 2,460. Kipo karibu na mwisho wa safari, wakati magoti yamekwisha kulalamika, na wengi hukaa chini mara tatu kabla ya kukifikia. Walinzi wenye bunduki huweza kuombwa kwa malipo waandamane na kundi, na kwa sehemu hii ya kusini ni busara kufanya hivyo, kwa kuwa zamani watembeaji waliibiwa hapo. Toka Lamwia njia huteremka hata Kona Baridi, katika barabara ya Magadi. Magari ya kwenda Kiserian hupita hapo, lakini si mengi, na jioni huja yamejaa. Basi afadhali kundi lifike barabarani kabla ya saa kumi.